Mtoto Yupi Anaweza Kuachiwa Mtoto?



Kuna swali ambalo haliandikwi katika ajenda ya mkutano wowote, lakini liko katika kila mkutano. Akina mama wanafika, wanaketi chini ya mti, katibu anasoma kumbukumbu, mweka hazina anahesabu pesa za mzunguko. Na kila mmoja ana wasiwasi wake moyoni: watoto nimewaacha salama?

Ukiuliza, jibu ni lile lile. "Si nimewaacha na mkubwa?" Uliza tena huyo mkubwa ana miaka mingapi, utaambiwa kumi na mitatu, kumi na miwili, saa zingine kumi. Huyo ndiye mkubwa wa nyumba siku ya mkutano, siku ya soko, siku ya matanga, na siku mama amepeleka mgonjwa hospitali Kakamega mjini na foleni ikawa ndefu. Likizo ya Aprili, ya Agosti na ya Desemba zikifika, basi ni kila siku.

Makala hii si ya kulaumu wazazi. Kazi za mama ni nyingi na mikono ni miwili. Tunaandika kwa sababu katika vikundi tunavyovitembelea tunaulizwa mara kwa mara: nitajuaje kama mtoto wangu ameiva kwa kazi hii? Hebu tujibu polepole. Someni pamoja, sehemu moja moja, mkijadili.

KUSAIDIA KULEA NA KUACHIWA NI MAMBO MAWILI

Mtoto kumlea mdogo wake si jambo geni hapa kwetu. Kuanzia miaka ya 1960 kuelekea mwisho, mtafiti mmoja Mmarekani, Thomas Weisner, alifanya utafiti na familia za Kisa, pande za Khwisero ya leo. Mwaka 1977 yeye na mwenzake Ronald Gallimore walichapisha makala juu ya watoto wanaolea watoto. Walionyesha kwamba sehemu nyingi za dunia mtoto hulelewa na ndugu zake pia, na kwamba wataalamu waliomtazama mama peke yake walikuwa wanaacha sehemu kubwa ya habari.

Sisi hatuna la kushangaa. Wengi wetu tulibebwa mgongoni na dada kabla hatujajua kutembea. Na hilo lilikuwa jema. Dada alijifunza subira, mdogo akapata mtu wa kumkimbilia, mama akapata nafasi ya kupalilia.

Lakini tukumbuke vizuri. Dada yule alipokuwa amebeba mtoto, mama alikuwa wapi? Alikuwa shambani nyuma ya nyumba, pahali sauti inafika. Kukhu alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga. Shangazi alikuwa boma la pili. Mtoto akilia kilio kisicho cha kawaida, mtu mzima alitokea. Kwa hiyo dada alisaidia kulea. Hakuachiwa.

Siku hizi mama anapanda boda boda saa mbili asubuhi na kurudi jioni. Kukhu yuko ng'ambo ya mto, na pengine yeye mwenyewe anahitaji wa kumwangalia. Jirani naye ametoka. Kazi ina jina lile lile, lakini si kazi ile. Ndiyo maana maneno "hata mimi nililea nikiwa na miaka minane" hayatoshi. Ulilea, ndiyo. Lakini je, ulikuwa peke yako?

Basi swali la kwanza si mtoto ana miaka mingapi. Swali la kwanza ni hili: mtu mzima yuko umbali gani?

UMRI UNASEMA KIDOGO TU

Watoto wawili wa darasa moja, waliozaliwa mwaka mmoja, si sawa. Mmoja akitumwa dukani anarudi na chenji kamili. Mwingine amesahau alichotumwa. Tena kuna watoto ambao mwili umekimbia mbele. Msichana wa miaka 12 amekuwa mrefu kuliko mama yake, na watu wanaanza kumtarajia mambo ya mwanamke. Urefu si akili pevu, ng'o.

Huko Marekani, Shirika la Msalaba Mwekundu lina mafunzo maalum kwa vijana wanaotaka kulinda watoto wa watu kwa saa chache, na huwapokea kuanzia miaka 11. Msisome hapo kwamba miaka 11 inatosha. Soma jambo lingine: wale vijana hufundishwa kwanza. Hakuna anayedhani kwamba mtoto anajua kulea kwa sababu tu amezaliwa wa kwanza.

Sisi katika kazi yetu tunapendekeza kipimo hiki cha kuanzia. Si sheria. Ni fimbo ya kupimia.

– Chini ya miaka 10: asaidie tu, mtu mzima akiwa pale pale bomani.

– Miaka 10 hadi 12: anaweza kumshika mdogo wake kwa muda mfupi, mtu mzima akiwa pahali anapoweza kusikia akiitwa.

– Miaka 13 na 14: anaweza kuachiwa mtoto anayetembea na kuzungumza, mchana, kwa saa mbili au tatu, ikiwa amefundishwa na jirani mmoja anajua kwamba wako peke yao.

– Mtoto wa chini ya miezi sita, mtoto aliye mgonjwa, na kulala usiku bila mtu mzima: hizi si kazi za mtoto, hata awe hodari namna gani.

MTAZAME YEYE MWENYEWE

Baada ya umri, mtazame mtoto wako kwa wiki mbili hivi. Usimwambie unamtazama. Jiulize maswali haya saba.

1. Je, anafanya alichoambiwa hata usipomwona? Umemwambia afunike mtungi wa maji, ukarudi ukaukuta umefunikwa? Anayefanya mbele yako tu bado hajafika.

2. Akikasirika anafanya nini? Mtoto mchanga anaweza kulia saa nzima bila sababu ya kuonekana. Hata mtu mzima huchoka. Mtoto mkubwa ambaye akiudhika hurusha vitu au hupiga wenzake asiachiwe mchanga, kwa maana kumtikisa mchanga kwa nguvu kunaweza kumwumiza ubongo au kumwua.

3. Anaweza kuacha mchezo? Wenzake wakipita na mpira, au simu ikiwa mkononi, je, jicho lake linarudi kwa mdogo?

4. Anajua kuomba msaada? Hili tunaliweka juu ya mengine yote. Mtoto aliyezoea kuchapwa kwa kila kikombe kilichovunjika atajifunza kuficha. Leo anaficha kikombe. Kesho ataficha kwamba mdogo wake amekunywa mafuta ya taa, na ule muda wa kuokoa maisha utapita. Ukitaka mtoto wa kukuambia ukweli siku ya ajali, umzoeshe kuusema siku za kawaida.

5. Mdogo anamsikia? Kuna wadogo wasiomtii ndugu yao hata kidogo. Hapo hata mkubwa awe mzuri, hataweza.

6. Anajua njia? Anaweza kwenda kwa jirani, kutaja jina la baba na mama, la kijiji na la mzee wa mtaa? Anajua nambari ya simu kichwani, si kwenye simu pekee?

7. Yeye mwenyewe anasemaje? Muulize mkiwa wawili tu. Muulize namna ambayo "hapana" yake itapokelewa bila hasira. Mtoto akisema "mama, mimi naogopa," amekuambia jambo la maana. Asidharauliwe.

JARIBU KWANZA, HATUA KWA HATUA

Hakuna anayempa mtu ng'ombe wa kukamua bila kumwonyesha. Kwa mtoto iwe vivyo hivyo.

Hatua ya kwanza, mwache amlinde mdogo wake ukiwa nyumbani, nawe usiingilie. Amlishe, amwoshe mikono, ambembeleze. Tazama tu.

Hatua ya pili, nenda shambani au kisimani kwa nusu saa. Ukirudi, usiulize "mlikuwa sawa?" Kila mtoto atajibu "ndiyo". Uliza: "Alilia saa ngapi? Ulifanya nini? Ni nani alipita hapa?" Mtoto aliyekuwa macho atakuwa na majibu.

Hatua ya tatu, toka kwa saa moja hadi mbili, jirani akijua. Kabla ya kwenda, mpe jambo la kufikiria: "Mdogo wako akianguka akatoka damu, utafanya nini? Mtu akija akisema nimemtuma amchukue mtoto, utafanya nini?" Msikilize. Kama hajui, mfundishe na mrudie hatua ya pili.

AJALI MOJA, WATOTO WAWILI

Katika kikundi kimoja tunachokitembelea, akina mama walituletea habari iliyokuwa imewagawanya. Msichana wa miaka 13, mtiifu na hodari shuleni, aliachiwa kaka yake wa miaka mitatu na mtoto wa miezi tisa. Mama alikuwa amekwenda matanga kwa upande wa wakwe. Alisema atarudi saa nane mchana.

Saa nane ikapita. Saa kumi, mchanga akawa analia njaa. Msichana akamfunga mgongoni, akawasha moto, akabandika uji. Alipogeuka kuchukua kikombe, yule wa miaka mitatu akavuta mwiko. Uji ukammwagikia mkononi na kifuani.

Mtoto alitibiwa akapona, kovu likabaki. Lakini kijijini maneno yalikuwa yameanza. "Huyu ndiye aliyemchoma ndugu yake." Msichana akaacha kumshika mtoto yeyote. Wageni wakija, anaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Kikundi kilituuliza: kosa ni la nani? Tuliwaomba wasitafute mwenye kosa kwanza, ila wahesabu. Saa kumi jioni ile, yule msichana alikuwa na nini mikononi? Wakahesabu: njaa yake mwenyewe, mchanga mgongoni, moto wa mafiga, sufuria ya uji, mtoto wa miaka mitatu anayekimbia, mama asiyerudi, na simu isiyo na pesa. Tukauliza: kati yetu hapa, nani angeyaweza yote hayo kwa pamoja? Kukawa kimya.

Kisha mwenyekiti wao akasema, "Tulimpa kazi ya watu wawili wazima, halafu tukamhukumu kama mtu mzima."

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo wa mtoto ndio tunaouona mwepesi kuliko yote. Mama yule alikwenda nyumbani akamwambia binti yake mbele ya wengine kwamba kosa halikuwa lake. Haikutosha kwa siku moja, ilichukua miezi. Ndipo tunaposema kila mara: mtoto akiachiwa kazi isiyo ya kipimo chake na ajali ikatokea, wanaoumia ni wawili. Mmoja ana kovu la kuonekana.

PIMENI PIA KAZI YENYEWE

Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama mtoto yuko tayari. Uliza: tayari kwa nini? Tayari kwa mtoto mmoja si tayari kwa watatu. Tayari kwa kuangalia si tayari kwa kuangalia na kupika. Ukimwachia watoto, mwache bila moto: chakula kiwe kimepikwa, uji uwe kwenye chupa ya chai, maji ya kunywa yamechotwa.

Halafu zunguka boma lako kwa macho ya mtoto wa miaka miwili. Mafuta ya taa yako wapi? Yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda. Dawa ya kuoshea ng'ombe na ile ya mimea je? Shimo la choo lina kifuniko? Kisima je? Beseni la maji ya kufulia pia ni hatari, kwani mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina cha kiganja.

Kila upande wa kaunti yetu una hatari zake. Dhahabu iligunduliwa Kakamega mwaka 1931, na mpaka leo wachimbaji wadogo wanachimba pande za Ikolomani. Mashimo yaliyoachwa wazi huota nyasi juu na mtoto hayaoni. Pande za miwa, kama Malava na Mumias, matrekta na malori yaliyojaa hupita karibu na nyumba, na dereva hawezi kumwona mtoto mdogo kando ya gurudumu. Walio karibu na Isiukhu, Yala au Nzoia wanajua mto unavyojaa kwa ghafla. Na sisi sote tunajua mvua ya mawe na radi za mchana. Mtoto mlezi aambiwe wazi: wingu likianza kunguruma, wote waingie ndani ya nyumba. Wasisimame chini ya mti wala kubaki malishoni.

MAMBO SITA YA KUMFUNDISHA

Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu anaweza kuja kwenye mkutano kuonyesha haya kwa vitendo. Mwalikeni, na watoto waje.

Moja: akiungua. Mwagia maji safi ya baridi mahali palipoungua kwa dakika 20, kikombe baada ya kikombe. Usipake dawa ya meno, mafuta, unga wala udongo. Funika kwa kitambaa safi na kuita mtu mzima.

Mbili: akinywa mafuta ya taa au sumu. Usimtapishe. Usimpe maziwa. Ita mtu mzima mara moja, mtoto apelekwe hospitali pamoja na ile chupa.

Tatu: akipaliwa. Njugu, mahindi na vipande vya nyama humkaba mtoto mdogo. Akiwa anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa na kupumua, mwinamishe kichwa kikiwa chini na kumpiga katikati ya mabega kwa kiganja mara tano, huku ukipiga kelele ya kuita watu. Yanayofuata yanatofautiana kwa mchanga na kwa mtoto aliyezidi mwaka, na lazima yaonyeshwe kwa mikono, si kwa maandishi.

Nne: dalili za hatari. Mtoto anayeshtuka kwa degedege, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya au kunywa, au aliyelegea asiyeamka: hakuna kungoja mama arudi. Mtu mzima aitwe sasa hivi.

Tano: kilio kisichokwisha. Mwangalie kama ana njaa, amelowa, au kuna kinachomchoma. Mbembeleze. Ukiona hasira inapanda, mlaze chali pahali salama, toka mlangoni, vuta pumzi, na kuita jirani. Kumwacha alie kidogo ni afadhali kuliko kumtikisa.

Sita: usimwache. Si kwa dakika tano, si kwa kwenda dukani. Ukilazimika kutoka kutafuta msaada, mbebe.

MLINZI NAYE ALINDWE

Kuna jambo ambalo vikundi vingine huona haya kulitaja. Siku wazazi hawapo, mtoto mlezi mwenyewe yuko hatarini. Watu huwaza mgeni wa mbali, lakini mara nyingi anayemdhuru mtoto ni mtu anayejulikana nyumbani: jamaa, jirani, mfanyakazi. Msichana wa miaka 13 akiwa peke yake na wadogo zake, hajui kama anaruhusiwa kumfungia mlango mtu anayemwita mjomba.

Mpe ruhusa hiyo kwa maneno yako mwenyewe. Mwambie: "Mimi nisipokuwa, hakuna anayeingia nyumbani ila niliyekutajia jina. Ukimkataa mtu mzima kwa sababu hiyo, sitakugombeza." Mwambie pia kwamba akishikwa vibaya au kuambiwa afiche siri, akuambie, nawe utamwamini. Simu ya watoto ya nambari 116 hupigwa bure popote Kenya, mchana na usiku. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga, na mtu mzima pia.

WAVULANA JE?

Katika mikutano, tukisema "mtoto mkubwa", akina mama husikia "msichana". Mvulana wa miaka 14 yuko mtoni anaogelea, na dada yake wa miaka 10 ana mtoto mgongoni. Huyo wa 10 ndiye anayepewa kazi asiyoiweza, na aliyekua anaiacha.

Ati mvulana ataharibika akilea? Mtafiti mwingine, Carol Ember, aliwaangalia wavulana wa majirani zetu Waluo, pande za Oyugis, na kuchapisha aliyoyaona mwaka 1973. Nyumba zingine hazikuwa na binti, basi wavulana walishika kazi za ndani, pamoja na kulea. Wavulana hao hawakuwa wagomvi kama wenzao, na walijali wengine zaidi. Kumbe kulea kunamlea pia mlezi. Mtoto wa kiume asinyimwe faida hiyo.

SHULE NA SHERIA

Mtoto kumsaidia mzazi baada ya masomo ni malezi mema. Mtoto kukosa shule kila Jumanne kwa sababu ni siku ya soko ni jambo lingine. Kenya ilianza elimu ya msingi ya bure mwaka 2003, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo ya bure na ya lazima, pamoja na kulindwa dhidi ya kazi za hatari na za kunyonywa. Mwalimu akiona mtoto hakosi siku yoyote ila ya soko, anajua sababu.

Kuna pia wale wanaomchukua mtoto wa jamaa maskini kuja kuwa yaya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13. Wa miaka 13 hadi 16 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kwenda shule. Kulea watoto wa watu kutwa nzima, kupika, kufua na kulala wa mwisho si kazi nyepesi, hata kama mnamwita "mtoto wetu". Na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inaweka wajibu wa kumtunza na kumlinda mtoto juu ya mzazi. Wajibu huo hauhami kwenda kwa binti wa miaka 13 kwa sababu mama ametoka.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mzazi mmoja mmoja atakwama, lakini kikundi cha watu ishirini kina nguvu. Haya ni mambo manne ambayo hayahitaji mfadhili:

– Siku ya mkutano, watoto wadogo waje pamoja. Wanachama wawili wawaangalie kwa zamu karibu na pahali pa mkutano, na vijana wa miaka 12 na 13 wawasaidie. Hapo vijana wanajifunza, na watu wazima wapo.

– Mikutano ianze na kuisha saa iliyotajwa. Mkutano wa saa nane ukianza saa kumi, kuna mtoto mahali fulani anayebandika uji.

– Kila nyumba itaje jirani wake wa kuitwa, na jirani huyo akubali mbele ya wote. Kukiwa na msiba, kikundi kiulize kwanza nani anabaki na watoto, kabla ya kuuliza nani anakwenda.

– Mzazi akichelewa, apige simu kwa jirani. Neno "narudi saa nane" ni ahadi kwa mtoto. Yeye amehesabu nguvu zake mpaka saa nane.

MASWALI YA KUJADILI

1. Leo, wakati tuko hapa, watoto wetu wako na nani? Kila mmoja ataje umri wa huyo mlezi.

2. Mtu mzima wa karibu naye yuko umbali gani? Je, anajua?

3. Katika maswali saba ya kumtazama mtoto, ni lipi ambalo mtoto wako bado hajafikia? Utamsaidiaje?

4. Je, wavulana wetu wanalea? Kama hapana, ni nani anayewazuia?

5. Ni mtoto gani kijijini kwetu anayekosa shule kwa sababu ya kulea? Nani atakwenda kuongea na wazazi wake, na lini?

Katibu aandike majibu ya swali la tano pamoja na tarehe, na mkutano ujao uanze na swali hilo.